Chuma Kwenye Unga wa Chekeche

Kaka yangu husema mashine ina koo. Ukimwagia mahindi mabichi, inakabwa. Ukimwagia yenye mchanga, inakohoa. Na ikimeza chuma, hata kipande kidogo cha waya, inapiga ukelele mmoja mfupi ambao hakuna mteja anayeusikia ila yeye, na kabla hujauliza kuna nini, mkono wake umeshafika kwenye swichi. Miaka ishirini na sita amesaga nafaka za watu, na miaka hiyo yote mimi mdogo wake nimekaa kwenye kigoda mlangoni, nashona midomo ya magunia. Yeye wanamwita Fundi. Mimi wananiita Sindano. Wengine wanasema ni kwa sababu ya kazi, wengine wanasema ni kwa sababu ya ulimi. Sibishani nao.

Nataka kumsema kaka yangu kwa sababu watu wanamsema, na wanamsema vibaya. Wamejua kitu kimoja alichokifanya, wakafunga hesabu. Mimi najua na kilichotangulia. Najua hata ambalo yeye mwenyewe halijui, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Basi tuanze na jino.

Mkewe alifariki mtoto wao akiwa na miezi minne. Homa ya siku tatu tu, ikamchukua. Yule binti tukamlea wawili, pale pale kwenye banda la mashine, akijifunza kutembea kwa kushikilia magunia. Akiwa na miaka minane nilipika mkate wa mtama, unga wetu wenyewe. Akauma. Tukasikia *kap*. Nikadhani amevunja kikombe. Kumbe ndani ya mkate kulikuwa na kipande cha waya, sijui kilitoka kwenye gunia la nani, na jino la mbele, jino la ukubwani ambalo halioti tena, limekatika nusu.

Mtoto alilia kidogo, kisha akaenda kujitazama kwenye kioo akaanza kucheka. Alikuwa hivyo. Wenzake wakamwita Chekeche, kwamba maneno yanapita kwenye pengo kama unga, na jina likamkaa. Aliyeshindwa kucheka ni baba yake. Hakula siku hiyo. Kesho yake akaenda kwa mafundi redio, akarudi na sumaku sita zilizotolewa kwenye spika mbovu, akazifunga mdomoni mwa mashine mahali nafaka inapoingilia. Tangu siku hiyo kila jioni alizifuta kwa kitambaa, na alichokipata akakitia kwenye chupa ya jamu juu ya rafu. Misumari, vichwa vya pini, nyaya, vumbi jeusi. Mteja mgeni akija, lazima aonyeshwe ile chupa. "Hiki ndicho ulichokuwa unakula huko ulikotoka," anamwambia. Mtu anaondoka ameshika shavu.

Ndiyo maana nasema asiyejua habari ya jino asimseme kaka yangu.

Chekeche akakua, akaolewa na seremala, kijana mpole mpaka unatamani umfinye aseme neno. Walipanga vyumba viwili mtaa wa nyuma, kwa hiyo hakuwa ameondoka hasa. Kila siku alipita bandani, akanipora kigoda, akashona magunia mawili matatu vibaya, nikamfukuza. Aliposhika mimba, baba yake alipewa habari mashine ikiwa inaunguruma. Hakusikia. Binti akarudia kwa kupiga kelele, wateja wote wakasikia kabla yake, wakaanza kupiga vigelegele, na yeye bado anauliza, "Nani? Nini?" Tulicheka siku ile mpaka mbavu zikauma. Namkumbuka kaka yangu amejaa unga usoni, na machozi yamechora njia mbili.

Mwaka huo huo ndipo nesi wa kliniki alipotuletea sanduku.

Lilikuwa kijisanduku cha bati chenye parafujo inayozunguka ndani. Kinafungwa kwenye mashine, nafaka ikipita chenyewe kinadondosha unga wa virutubishi, kidogo tu. Yule nesi ni mwanamke mfupi, anasema haraka, hana subira na wajinga. Alisimama katikati ya banda akatueleza: wajawazito wengi mtaani damu imepungua, na mwanamke mwenye mimba anatengeneza damu ya watu wawili. Damu inataka madini ya chuma. Nafaka inayo kiasi chake kwenye ganda na kiini, lakini ninyi mnakoboa mpaka punje inabaki nyeupe tupu, pumba mnawapa kuku. "Kuku wenu wana afya kuliko wake zenu," akasema. Basi kuleni isiyokobolewa, kuleni ulezi, kuleni mtama, na huu unga wa sandukuni unaongezea chuma pale kilipopungua.

Kaka yangu aliposikia neno chuma, akaifuata chupa yake.

"Dada nesi, hebu tazama hapa. Miaka yote hii mimi kazi yangu ni kutoa chuma kwenye unga. Leo unaniambia nikiweke?"

"Jamani Fundi! Si chuma cha msumari. Ni kama kile kilichomo kwenye ulezi na maharage. Huwezi kukiona, wala hakivunji jino."

Nesi hakujua alichokigusa. Kaka akakubali. Na nataka hili lieleweke: alikubali kweli. Si mtu wa kudanganya kazini. Sanduku likafungwa, likajazwa kila asubuhi, kila mteja akapata. Walinung'unika. Wapo waliosema unga unanuka kutu. Mama mmoja akaja juu, eti ni dawa ya kutufunga uzazi. Nikamwambia, "Wewe una watoto tisa, shoga yangu. Ungefungwa kidogo hata ticha wao angepumua." Akanuna wiki nzima, lakini akarudi.

Sasa kila Jumamosi asubuhi, kabla hatujafungua mlango, kaka alikuwa anasaga unga wa Chekeche.

Nitawaeleza alivyofanya, kwa sababu sijawahi kuona unga unaosagwa hivyo. Kwanza alimwaga mahindi kwenye ungo, akayachambua punje moja moja, miwani imeshuka puani. Kisha akayakoboa. Akayakoboa tena mara ya pili, mpaka yakawa kama meno ya mtoto. Akabadilisha chujio, akaweka lile lenye matundu madogo kabisa. Akafuta zile sumaku. Halafu akalifungua lile sanduku la bati kutoka kwenye mashine, akaliweka chini kwenye kona, akalifunika kitambaa. Ndipo akawasha.

Mara ya kwanza nilimuuliza. "Kaka, na sanduku?"

"La wateja hilo."

"Kwani Chekeche si mtu?"

"Chekeche ni mwanangu. Alishakula chuma mara moja kwenye mashine yangu. Inatosha."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikaona ni mapenzi ya baba. Na mimi nikaongeza langu. Nikasema gunia hili lisije likachanganyika na ya watu, nikatafuta uzi mwekundu, nikalishona nao. Tangu hapo kila Jumamosi gunia la uzi mwekundu lilikwenda mtaa wa nyuma, na ndani yake unga mweupe, laini, mtamu, usio na kitu.

Kliniki walimpima Chekeche wakasema damu tisa, na inatakiwa ifike kumi na moja. Wakampa vidonge vya kuongeza damu. Sikujali sana. Nani mjamzito asiyeambiwa damu yake ndogo? Mimba ilipofika mwezi wa sita nilimpelekea gunia, nikamkuta amekaa kitandani, amechota unga mkavu kiganjani anaulamba kama sukari.

"We mtoto, una wazimu?"

"Shangazi, siwezi kujizuia. Nikisikia harufu yake tu, mate yananitoka."

Tukacheka tena. Sisi tulicheka sana mwaka ule. Baadaye nesi aliniambia mwenye upungufu wa damu hushikwa na hamu za namna hiyo: udongo, barafu, mchele mbichi, unga. Ilikuwa dalili, inatukodolea macho, na sisi tunaifanyia mzaha.

Siku hiyo hiyo, nikitafuta mahali pa kuweka gunia, nikakuta kopo la vidonge nyuma ya ndoo. Limejaa.

"Na hivi?"

Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi. "Usimwambie baba. Vinanitapisha, shangazi, na tumbo linakuwa gumu kama jiwe. Nesi mwenyewe kasema unga wa sandukuni una chuma hicho hicho. Mimi nakula uji wa baba asubuhi, mchana na jioni. Kuna mjamzito mtaa huu anayekula unga wa mashine kuliko mimi?"

Mtu ataniuliza, Sindano, ulikuwa wapi? Nilikuwepo. Gunia lenye uzi mwekundu lilikuwa miguuni pangu na kopo la vidonge mkononi. Vitu viwili, nimevishika vyote, na sikuviunganisha. Ukweli wenyewe ni kwamba hata mimi sikuwa naliamini lile sanduku. Nilisema unga ni unga, cha msingi mtoto anashiba. Nikalirudisha kopo nyuma ya ndoo. "Kunywa uji, mwanangu," nikamwambia.

Akawa anachoka. Kizingiti cha banda letu kina ngazi tatu; akawa anapanda moja anapumzika, anapanda nyingine anapumzika. Midomo ilipauka. Baba yake akamtania, "Umebeba gunia la kilo mia nini?" na yeye akatabasamu na pengo lake. Lakini nilimwona kaka akimtazama akiondoka, mpaka kona.

Mimba ikiwa imeingia mwezi wa nane, nesi alikuja bandani kwa miguu, kwa hasira, saa nne asubuhi, wateja wamejaa.

"Fundi, zima hiyo mashine. Sanduku lako linafanya kazi?"

"Linafanya."

"Basi kwa nini binti yako damu imeshuka? Ilikuwa tisa, leo ni saba. Namuuliza unakula nini, anasema unga wa baba mara tatu kwa siku. Amefungua moyo wote kusifia unga wako. Aidha sanduku limekufa, au unatudanganya."

Nesi akachota unga uliokuwa umetoka punde, wa mteja, akausawazisha kwenye kisahani, akatoa kichupa mkobani, akadondosha dawa matone kadhaa. Sote tulisogea. Tukangoja. Mara kwenye ule unga vikaanza kutokea vidoa vyekundu, kimoja, kingine, vidogo vidogo, mpaka kisahani kikawa kama kimenyunyiziwa damu.

"Chuma kipo," nesi akasema, sasa kwa sauti ya chini. Alikuwa amechanganyikiwa. "Sanduku halina kosa. Sielewi." Akamwambia kaka binti azalie hospitali kubwa, asijaribu kungoja uchungu nyumbani, na ndugu wajiandae kumtolea damu. Akaondoka.

Kaka alibaki amekishika kile kisahani. Angeweza kumwita. Mlango ulikuwa wazi na nesi alikuwa hajafika hata barabarani. Najua alitaka, niliona kinywa kimefunguka. Lakini wateja walikuwa wanamtazama, watu aliowaambia miaka yote kwamba unga wake hauna mfano, na akashindwa. Akakiweka kisahani juu ya rafu, karibu na chupa ya misumari, akawasha mashine.

Mchana alisaga ulezi na mtama, bila kukoboa, sanduku likiwa mahali pake. Alibeba gunia begani mwenyewe. Nilifuatana naye. Chekeche akanusa, akakunja uso.

"Baba, huu mbona mweusi? Na una harufu."

"Ndio mzuri. Ule mwingine mpe jirani awape kuku."

"Baba!"

"Kula, mama. Kula kwa ajili yangu."

Alikuwa hajawahi kumwita mama. Akageuka akatoka nje haraka. Mimi nikabaki, nikatoa lile kopo nyuma ya ndoo, nikamtolea kidonge akimeze mbele ya macho yangu. Akameza bila kubisha. Alimeza kila siku kuanzia hapo, na uji mweusi akanywa, akiziba pua. Siku kumi na saba. Nilizihesabu kwa vidonge. Nilimuuliza nesi njiani kama zinatosha, akatikisa kichwa: "Damu haijazwi kwa siku moja kama gunia, Sindano. Inataka miezi. Lakini mwambie asiache."

Uchungu ulimwanza kabla ya tarehe, saa mbili asubuhi. Seremala alikuja bandani anakimbia, ana pumba za mbao kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alipiga kelele. Kaka akazima mashine mahindi ya mtu yakiwa katikati ya koo. Hajawahi kufanya hivyo kabla wala baada.

Hospitali tuliruhusiwa kumwona kidogo kabla hajaingizwa ndani. Alimtazama baba yake, akasema, "Una unga kwenye nyusi." Akanyanyua mkono ampanguse, mkono haukufika. Kaka akainamisha kichwa mpaka ukafika.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, analia kwa nguvu. Mama akatokwa damu. Si nyingi, daktari alituambia, na hilo ndilo lililonikata maini. Si nyingi. Mwanamke mwingine angepoteza kiasi kile, akalala, akaamka, akaomba chai. Yeye hakuwa na akiba. Kaka alitoa damu, seremala akatoa, wakapata chupa nyingine sijui wapi. Saa tisa na nusu alikuwa ameshaondoka. Saa tisa na nusu mchana, jua limejaa dirishani, watu wanapita na vyombo vya chakula.

Nilipiga kelele mpaka wakanitoa. Kaka hakulia. Alikaa kwenye benchi, pamba imebandikwa mkononi alipotolewa damu, akaiangalia ile pamba.

Wiki mbili baadaye nesi alikuja kutupa pole. Banda lilikuwa na watu. Kaka akasimama akasema mbele yao wote, "Nililitoa sanduku. Unga wa mwanangu niliusaga peke yake. Nyinyi niliwapa chuma, yeye nikamnyima." Akaeleza kila kitu, kukoboa mara mbili, kitambaa, kona. Ndipo maneno yakaanza mtaani: eti alimwua, eti alikuwa anatuwekea sisi sumu aliyoiogopa kwa mwanawe.

Lakini nesi, alipomaliza kumsikiliza, aliuliza swali moja. "Na vidonge, Fundi? Alikuwa anameza tangu mwanzo? Maana vingemsaidia hata kwa unga mweupe."

"Alimeza," kaka akajibu. "Mwanangu alikuwa msikivu."

Nesi akanigeukia. Nikainama kwenye sindano yangu.

Nifanyeje? Niambieni nyie. Nikinyamaza, ataishi akiamini ni unga wake peke yake. Nikisema, atajua kwamba Chekeche aliacha vidonge kwa sababu ya huo huo unga, kwa sababu alimwamini yeye kuliko dawa. Na atajua kwamba mimi nilivijua vyote viwili, miezi miwili mizima, na nikasema kunywa uji. Kila asubuhi naamka nimeamua kumwambia. Kila asubuhi anawasha mashine, na kelele inanisaidia.

Mjukuu ana miezi minane sasa. Namlea mimi, seremala anamchukua jioni. Nesi amesema uji wa ulezi sasa mzito kidogo, na usiokobolewa. Juzi Jumamosi kaka aliwahi bandani. Alichambua ulezi, akajaza sanduku, akalikaza kwa spana, akasaga. Alipozima, akachukua unga kidogo kwenye kisahani, akadondosha matone ya ile dawa aliyoiomba kliniki, akasimama anangoja vidoa vyekundu. Vilitokea. Akavitazama muda mrefu.

Akanisukumia gunia. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kile kikopo cha nyuzi, nikatoa uzi mwekundu.

"Rudisha huo," akasema.

"Lisije likachanganyika, kaka."

"Lichanganyike. Ale wanachokula watu."

Nilishindwa kutunga uzi kwenye sindano, macho yalikuwa yamejaa maji. Akanipokonya sindano, akanitungia uzi mweupe, akanirudishia. Nikashona. Nikalisukuma gunia kwenye magunia ya ulezi wa wateja, na jioni seremala alipokuja kumchukua mtoto, akauliza la kwao ni lipi, tukamwambia achukue lolote.